Wezi wa Mama Mwape

Matildah Mukuka, ambaye Kashikishi nzima, mji wa Zambia ufukweni mwa Ziwa Mweru, humwita Mama Mwape, alifundisha shule miaka mingi kabla ya kugeukia uandishi. Vitabu vyake vyembamba huuzwa sokoni, kando ya mafungu ya chisense, vile visamaki vidogo vya Mweru. Kimoja kinasimulia bandari ilivyoanza. Vingine ni hadithi za upelelezi zisizomwaga damu. Wavu umepotea, mbuzi wa harusi haonekani, na mjane mmoja mdadisi anachokonoa mpaka ukweli utoke.

Asubuhi moja Clotilde, mchuuzi wa vitenge kutoka Kilwa ya Kongo, ng'ambo ya ziwa, alimjia uso ameukunja.

"Mama Mwape, minasoma bitabu yako yote. Juu ya nini mwizi ni mutu wa Kongo kila mara?"

"Si kila mara."

"Wa wavu, wa Kongo. Wa mbuzi, wa Kongo. Hata mwenye aliiba ngoma ya kanisa! Tunacheka, lakini inauma."

Matildah akazihesabu hadithi zake vidoleni. Kweli, kila hadithi ilipomshinda, alimshusha mgeni kwenye boti, mambo yakaisha. Akamvutia Clotilde kigoda.

"Kaa, dada. Wewe ungemtafutaje mwizi wa wavu?"

"Miye? Sitafata mutu. Nitangoja. Mwenye aliiba wavu lazima atavua nayo. Nitaangalia ni nani ameanza kuuza samaki mukubwa kupita wavu yake."

Matildah akapiga makofi. Katika hadithi iliyofuata, mpelelezi alikuwa mchuuzi wa vitenge mwenye ulimi mkali. Mwizi akawa kiongozi wa kwaya, mzaliwa wa papa hapa, kipenzi cha watu.

Matildah alipowasomea kina mama wa kanisa, hakuna aliyemshuku mwizi huyo. Mwizi alipotajwa, ukumbi ukalipuka kwa kicheko. Suwilanji, kiongozi wa kwaya yao hasa, akasimama mkono kiunoni.

"Mwalimu, sasa nitatembeaje mjini?"

Lakini yeye ndiye aliyecheka kuliko wote, na akanunua nakala mbili.

Clotilde alivusha nakala nyingine ndani ya robota lake, akarudi bila hata moja.

"Bon, ku Kilwa wanauliza ule mwanamuke wa bitenge ataolewa lini."

"Wewe unaonaje?"

"Aolewe, kisha nani atavuka ziwa? Hapana!"

Matildah alicheka mpaka machozi. Kisha akamwambia kwamba anakiandika upya kile kitabu cha bandari, maana hakikuwa na mtu hata mmoja wa ng'ambo.

"Nani wa kwenu alikuwa wa kwanza kuja kuuza hapa?"

"Nkambo yangu, mama ya mama, Jeanine," alisema Clotilde, akavua viatu, akajiweka sawa kigodani. "Alikuja na chumvi."