Zuwena, Washa

Wapo watakaosema uzee umenipanda kichwani. Waseme. Mke wangu alikuwepo, na yu hai hapa Chamazi, mwulizeni.

Nilipostaafu ualimu nilitaka gari kuukuu la injini ndogo, lisilonifilisi. Nikalipata Buguruni kwa mjane wa Kiarabu mwenye duka la vitambaa. Sote tulimwita Mama Nasra. Gari lilikuwa la nyumbani kwake tangu enzi za marehemu mumewe.

"Linanusa tu mafuta, mwalimu," aliniambia.

Na kweli lilinusa. Lakini mie sikutosheka. Kila mteremko nikawa naweka gia huru, nazima injini, gari linashuka lenyewe.

Siku ile tulitoka Pugu kumwona shemeji yangu, jua la utosi. Mteremkoni nikazima. Mke wangu akaguna. "Baba Neema, utatuua kwa petroli ya kikombe."

"Tulia, mama."

Kwenye kona, lori la mchanga limeharibika katikati ya barabara. Nikakanyaga breki, nikakanyaga tena, ikawa ngumu kama jiwe. Injini ikizimwa, breki nayo huchoka. Nani hajui? Mimi nilijua. Usukani ukawa mzito, na mke wangu akaanza kuomba kwa sauti.

Ndipo nyuma ya sikio langu mwanamume akasema, kwa upole kabisa: "Zuwena, washa."

Niaminini. Kwenye kioo nilimwona mzee wa kanzu, ametulia kiti cha nyuma kama mtu aliye sebuleni kwake, mguu mmoja ameunyoosha juu ya kiti. Mikono yangu miwili ilikuwa kwenye usukani, lakini ufunguo ulizunguka. Injini ikanguruma, breki ikashika, tukalipita lori kwa upana wa kiganja. Nilipotazama tena, kiti kilikuwa kitupu, na gari zima lilinukia udi.

Mke wangu hakuona mtu. Udi aliunusa.

"Unamjua Zuwena?" nikamwuliza.

"Zuwena ndiye nani tena, mzee mzima wewe?"

Kesho yake nikaenda Buguruni. Nilipolitaja jina lile, Mama Nasra aliweka mkasi chini.

"Ndilo jina langu. Aliyebaki akiniita hivyo alikuwa mume wangu tu. Hakujua kuendesha, na mguu wake haukukunjika, basi alikaa nyuma, mie nikamwendesha. Nami nilikuwa na tabia hiyohiyo, kuzima mteremkoni." Akajifuta macho kwa ncha ya mtandio. "Maskini. Bado anadhani ni mie."

Fundi wangu wa magari hunisihi niliuze gari hili. Nitaliuzaje? Lakini mke wangu hakukaa tena kando yangu. Huingia nyuma, husema "Shikamoo" polepole, kisha hujibana mlangoni kumwachia mtu nafasi. Mbele nimebaki peke yangu kama dereva wa kukodiwa, na ninastahili.

Nawe unayezima gari mteremkoni ili upunguze mafuta, geuka kwanza utazame kiti chako cha nyuma. Huenda hakuna mtu wa kukuwashia.