Nilimkejeli Kisale kwa jina la bandia, sasa nimepewa kazi ya kuchora mrithi wake

Kwa msimamizi wa ukurasa huu na kwenu nyote mnaousoma, naomba utambulisho wangu ufichwe kabisa, kwani ninaofanya nao kazi husoma visa vya hapa kila siku wakati wa chai.

Mimi ni kijana wa kiume mwenye umri wa miaka ishirini na sita, mhitimu wa shahada ya sanaa na ubunifu, nimepanga chumba Kimandolu. Baada ya kuhitimu nilikaa mwaka mmoja na nusu bila ajira. Katika kipindi hicho nilizama katika mchezo mmoja wa simu unaotengenezwa hapa hapa Arusha, ambamo mchezaji huzunguka kuanzia maziwa ya Momela hadi juu mlimani Meru akikamata viumbe vya kubuni, kuvifuga na kuvipambanisha. Mashabiki wana kundi lao mtandaoni, na ubishi wao haubadiliki: kiumbe kipi kimechorwa vizuri na kipi kimechorwa ovyo.

Nilijiunga na kundi hilo kwa jina la Mkaguzi. Nakiri kwamba nilitaka kuonekana msomi. Kila Jumapili nilichambua kiumbe kimoja, na uchambuzi ulionipa umaarufu ulimhusu Kisale, mnyama mdogo wa kijani ambaye kila mchezaji hupewa anapoanza, mwenye masikio marefu kama majani ya isale, ule mmea tunaoupanda mipakani mwa mashamba. Niliandika: "Mpakeni weusi mwili mzima, kisha mwulizeni mtu anaona nini. Atasema anaona mche uliosahauliwa mpakani mwa shamba. Huu si ubunifu, ni uvivu ulioota miguu." Ukweli ni kwamba nilimpenda Kisale, na wangu nilikuwa nimemlea hadi ngazi ya juu kabisa. Lakini sifa hazisambai kama kejeli. Haikupita wiki, mashabiki wakaanza kudai aondolewe.

Miezi miwili baadaye kampuni hiyo ilitangaza nafasi ya mtu wa kuwajibu mashabiki. Niliomba, nikapata. Ofisi ni vyumba viwili vilivyo juu ya duka la vitambaa, Kaloleni. Mkurugenzi ni mwanamke ambaye nitamwita Dada Eli, Mchaga kama mimi. Siku yangu ya kwanza alinikabidhi karatasi, akasema, "Tusomee hii, mdogo wangu. Una sauti ya redio."

Yalikuwa maneno ya Mkaguzi. Niliyasoma yote. Imran, mtaalamu wetu wa kompyuta, akacheka: "Huyu jamaa anaandika kama amemeza kamusi. Lazima hana mchumba." Wote walicheka, nami nikacheka nao. Dada Eli hakucheka.

"Kisale alichorwa na baba yangu," alisema. "Nilikuwa mdogo, naumwa matubwitubwi. Akanichorea mnyama wa kunilindia mlango. Daftari lenyewe ninalo mpaka leo."

Hapo ndipo nilipopaswa kusema. Nilichosema ni, "Pole, dada."

Tangu siku hiyo nimejitahidi kurekebisha mambo, na kila jitihada imenibana zaidi. Niliandika kwa jina la Mkaguzi kwamba nilikosea, kwamba Kisale ni mchoro mzuri. Mashabiki wakanijibu: "Mkaguzi kalambishwa asali." "Ukiona mkosoaji anasifu, ujue ameshakula." Madai ya kumwondoa Kisale yakaongezeka. Kisha nikamtetea kikaoni kwa jina langu halisi. Dada Eli alinisikiliza mpaka mwisho, akasema kwa upole, "Asante, lakini wewe unakula hapa. Yule Mkaguzi hakuwa na sababu ya kutudanganya alipomkataa mara ya kwanza. Baadaye nadhani alichoka tu kutukanwa na wanaompenda Kisale." Hivyo nina vinywa viwili, na hakuna hata kimoja kinachoaminika.

Wiki iliyopita aliamua kwamba Kisale hatakuwamo katika toleo jipya. Akanigeukia: "Mrithi wake utamchora wewe. Si ndicho ulichosomea?" Nafasi hiyo nimeiomba kwa Mungu tangu nikiwa sekondari. Nilimaliza kwa siku tatu, na mchoro wangu ni mzuri, sitajifanya mnyenyekevu.

Jumamosi baba yake alifika ofisini, mwalimu mstaafu. Dada Eli alikuwa ametoka. Nilimwamkia shikamoo, nikamwonyesha mchoro. Aliusogeza dirishani, akautazama.

"Huyu ni mzuri, mwanangu. Wa kwangu alikuwa na kosa gani?"

"Walisema anafanana na isale, mzee."

"Si ndivyo nilivyokusudia." Alishusha sauti. "Asubuhi ile nilimchapa yule mtoto nikidhani anajifanya mgonjwa ili asiende shule. Jioni shavu likavimba. Nikaona aibu, mtu mzima kumwomba radhi mtoto kwa mdomo. Nikamchorea mnyama mwenye isale kichwani. Yeye anadhani ni mlinzi. Sijawahi kumwambia."

Kwa wasio Wachaga naeleza: aliyekukosea akikujia na jani la isale, huna ruhusa ya kumnyima msamaha. Mimi Mchaga nilimchambua Kisale kuanzia masikio hadi mkia, na wazo hilo halikunijia hata kidogo.

Jumapili nilikata jani la isale uani kwa mwenye nyumba wangu. Limo katika begi, limefungwa kwenye gazeti. Siku mbili nimelibeba hadi mlangoni kwa Dada Eli, na mara zote mbili nimerudi kwenye kiti changu. Nikikiri, mchoro wangu utakufa, pengine na ajira yangu pia. Nikinyamaza, Ijumaa hii toleo jipya litatoka na radhi ya mzee itafutwa bila aliyeombwa kuijua, na sina haki ya kumtolea mzee siri yake.

Hata jani lenyewe linanitisha. Nikimpa, atalazimika kunisamehe, atake asitake, nami nitakuwa nimemfunga na yeye. Ndugu zangu, mnanishauri nini: niingie na jani asiloweza kulikataa, au niingie mikono mitupu ili awe huru kunifukuza? Jani limeanza kunyauka.