Tulivyomuua Bi Mize, mpishi wa meli ya angani

Wakuu, hamjambo humu ndani.

Leo nina kisa changu mwenyewe, sikuhadithiwa na mtu. Majina nimeyabadilisha, mengine yote ni kama yalivyokuwa. Asiyeamini nitamshukuru, maana kwenye kisa hiki sikutoka vizuri.

Juzi niliona uzi wa vijana wanabishana nani ana character mkali zaidi kwenye gemu za kompyuta. Nikacheka peke yangu. Nyie mnapewa character aliyekwishatengenezwa, mnambadilisha viatu tu, halafu mnajisifu. Sisi tuliwatunga wenyewe kwa karatasi na penseli, Mji Mkongwe, mwishoni mwa miaka ya tisini. Na tuliwatunga vibaya kweli kweli.

Wakati ule nilikuwa mapokezi kwenye nyumba moja ya wageni, Shangani. Mtalii akaondoka, akasahau kitabu kinene uvunguni mwa kitanda. Nikakaa nacho miezi miwili, hakurudi wala hakuandika barua. Nikakihalalisha.

Kilikuwa kitabu cha Kiingereza cha mchezo wa kuigiza kwa mdomo, mambo ya anga za juu.

Kwa wasioujua: hakuna ubao wa kuchezea. Mtu mmoja anakuwa master, ndiye anayesimulia safari ya meli ya angani na anayejua siri zote. Wengine kila mmoja anajitungia mtu wake, anamwandika kwenye karatasi, na kila likitokea jambo anasema mtu wake anafanya nini. Penye shaka, mnarusha dado.

Kurasa arubaini za mwanzo zilichanika zamani. Na kanuni zote, bila shaka, zilikuwa humo.

Basi tukajitungia zetu. Dado tukachukua za ludo. Kanuni kubwa zilikuwa tatu. Ukishasema umefanya, umefanya, hakuna kurudi nyuma. Aliyekufa, karatasi yake inachanwa. Na nahodha akifa, meli ni ya yule aliyebaki hai.

Hizo kanuni niliziandika mimi, kwa mkono wangu, kwenye daftari langu. Nilikuwa ndiye master. Kitabu changu, na pia napenda kusikilizwa, nikubali tu.

Tulikuwa wanne. Tulikutana Ijumaa baada ya alasiri, nyumbani kwa Nassor, juu. Mama yake, Bi Rahma, alikuwa akituletea kahawa na visheti, tena visheti vyenyewe vya kupikwa siku ileile.

Sasa nikutajieni hao mashujaa.

Nassor kwanza. Ukoo wao uliwahi kuwa na mashamba na majumba. Siku zetu, walichobaki nacho ni vyumba viwili vya juu na orodha ya mababu. Mwenyewe alikuwa akipima vitambaa dukani kwa ami yake, Darajani. Kazi ya halali kabisa, lakini alikuwa hataki umkute akiwa ameshika ile futi ya mbao.

Character wake aliitwa Amiri Shamsu wa Zuhali. Nusu ya karatasi ilikuwa nasaba: babu saba, kila mmoja kaitawala sayari yake. Upande wa ujuzi aliuacha mtupu.

Nikamuuliza, "Huyu anajua kufanya nini?"

"Anaamrisha," akanijibu.

Mwaka mzima, wakuu, Amiri Shamsu hakufungua mlango kwa mkono wake hata mara moja.

Wa pili Yunus. Alikuwa mhudumu kwenye hoteli Kendwa, Ijumaa ndiyo siku yake ya mapumziko. Yeye character wake aliitwa Stima, nusu mtu nusu mashine, bunduki sita, na Kiingereza cha puani alichokiokota kwa wageni wa ufukweni. Kila tatizo kwa Stima dawa yake ilikuwa risasi. Tulikutana na muuza maji, akampiga risasi. Tukakosa njia, akapiga risasi ramani. Siku moja alikasirika akaipiga risasi sayari. Na mimi, mjinga mwenzake, nikamwambia arushe dado tuone kama imempata.

Wa tatu Haji. Huyu kwao Tumbatu, alikuja mjini kusoma, akikaa kwa shangazi yake Malindi. Kijana mpole, maneno yake ya kuhesabu. Nassor alikuwa hamwiti jina. Akimwita "Mtumbatu", kama vile wazee wake walisahau kumpa jina.

Haji alipotuonyesha karatasi yake tulicheka mpaka Bi Rahma akauliza kutoka jikoni kuna nini.

Aliandika: Bi Mize. Umri, sabini. Kazi, mpishi wa meli. Silaha, hana. Mali, mbuzi ya kukunia nazi.

"Mpishi?" Nassor akasema. "Angani?"

"Kwani huko hawali?" Haji akamjibu.

Tulicheka, lakini ukweli nauandika leo. Yule bibi ndiye aliyekuwa akituokoa. Stima akishachafua, Amiri akishaamrisha upuuzi, Bi Mize anatoka na sahani ya chakula na kumuuliza adui, "Wewe mtoto wa nani?" Tuliwahi kutekwa nyara, akazungumza na mtekaji mpaka ikajulikana mama yake hajapata habari zake miaka mitatu. Tukaachiwa, na mtekaji akatuma salamu kwao.

Mara tano alitutoa hivyo. Mara zote tano Nassor aliandika kwenye karatasi yake kwamba Amiri Shamsu kashinda.

Haji aliomba kitu kimoja tu mwaka ule. Aliomba Bi Mize aishike meli kwa zamu moja, aendeshe yeye. Nassor akamwambia, "Kibibi chako kikapike." Haji akanitazama mimi. Mimi nikachukua kisheti.

Sasa njooni kwenye Ijumaa yenyewe.

Niliwatungia meli ya maharamia, imesimama kimya nyuma ya mwezi. Kwenye daftari niliandika siri yake: maharamia wote wameshakufa zamani, hakuna hata mmoja aliye hai, lakini wametega bomu. Atakayeingia, limlipukie.

Wakafika mlangoni. Nikawauliza mmoja mmoja, unafanya nini.

"Nnachomoa bunduki zote," Yunus.

"Nnawaamrisha waingie kimya kimya," Nassor.

"Nnapiga hodi," Haji.

Kicheko.

"Hodi? Kwa maharamia?" Nassor akamkodolea macho. "Tumekuja kuwavamia yakhe, hatukuja posa!"

"Bi Mize ana miaka sabini," Haji akasema. "Hajapata kuingia kwa watu bila ya hodi. Hataanza leo."

Kanuni ni kanuni, ukishasema umefanya. Nikasimulia: Bi Mize kapiga hodi. Kimya. Kapiga ya pili. Kimya. Ya tatu. Kimya.

"Basi mie narudi," Haji akasema. "Nshapiga mara tatu, hakuna aliyeitikia. Adabu ni kurudi."

Wakuu, nilitaka kumkumbatia. Sote pale tulilelewa hivyo hivyo. Hodi tatu, usipoitikiwa unageuza. Hakuna hata mmoja wetu ambaye angeingia nyumba ya jirani namna ile, lakini tulipopewa bunduki za karatasi tukajiona adabu haituhusu.

Bi Mize akarudi jikoni kwake. Wale mashujaa wawili wakaingia.

Likalipuka.

Nikawapa nafasi ya dado. Anayetaka kupona apate sita. Yunus akapata mbili. Nassor akapata moja.

Yunus, nimpe haki yake, alicheka akaichana karatasi palepale, akasema kesho yake atatunga Stima wa Pili. Nassor aliishika yake kwa mikono miwili. Babu saba wale.

Kwa kanuni yangu mwenyewe, nahodha Amiri Shamsu kafa, aliyebaki hai ni mmoja. Meli ilikuwa ya Bi Mize. Yule aliyenyimwa hata zamu moja sasa alikuwa nahodha, na hakuiba wala hakumsukuma mtu. Nilimwona Haji anajiweka sawa kwenye mkeka. Alikuwa anasubiri mimi nitamke.

"Haiwezekani," Nassor akasema. "Meli ya Amiri iongozwe na mpishi wa Kitumbatu?"

Haji hakuwahi kuandika popote kwamba Bi Mize ni Mtumbatu.

Nassor akaendelea, sauti juu. Kwamba ile hodi ndiyo iliyowaamsha maharamia. Kwamba wao ndio waliolipua bomu. Kwamba kwa haki aliyepiga hodi ndiye afe wa kwanza, naye yuko mlangoni, na wenzake waliokuwa nyuma wapone. Debe tupu, lakini lilikuwa linavuma kwao, juu ya mkeka wa kwao. Akanigeukia: "Au wewe unasemaje? Kama mnaona hapa hapafai, tafuteni pengine pa kuchezea."

Nikafungua daftari pajani, kama mtu anayehakikisha. Maandishi yangu yalikuwa pale, wote wameshakufa.

Haji akaniuliza, taratibu kabisa, "Wewe ndo unayejua. Ndani mlikuwa na mtu?"

Nikafikiri wapi pengine tutakwenda. Nikafikiri chumba kile cha juu chenye upepo, na Bi Rahma anavyoniita mwanangu, na Ijumaa zangu zitakavyokuwa kwenye chumba changu cha kupanga kisicho na dirisha. Ndiyo mambo makubwa niliyoyafikiri.

"Walikuwemo," nikasema.

Haji akaichukua karatasi ya Bi Mize. Hakungoja kuambiwa. Akaichana mara mbili, akaweka vipande juu ya sinia.

"Haya. Kama walikuwemo, walikuwemo."

Akamaliza kahawa yake, akatuaga sote kwa majina, akashuka. Tulimsikia ngazini anamwambia Bi Rahma, "Kwaheri bi, ahsante kwa kahawa." Hakurudi tena, Ijumaa ile nyingine wala nyingine.

Mchezo tuliendelea nao wiki tatu. Amiri Shamsu aliamrisha, Stima wa Pili akapiga risasi, na hakukuwa na mtu wa kututoa. Siku ya mwisho tulikaa saa nzima tumekwama kwa muuza mafuta wa angani aliyetukasirikia, na hakuna aliyejua hata kumsalimia. Yunus akabadilishiwa zamu Kendwa. Nassor akasema mchezo wenyewe wa kitoto. Mimi nikabaki na kitabu.

Ikapita miaka kama minane. Nilimpeleka mtoto wa dada yangu Tunguu kujiandikisha chuo, nikamkuta Haji, anafundisha palepale. Alinifurahia. Aliniulizia mama, akaniulizia hata Bi Rahma. Akanichukua mgahawani tukanywa chai.

Nikaona nitoe mzigo. Nikamwambia, "Haji, siku ile nilikudanganya. Ndani hamkuwa na mtu."

"Nlijua."

"Ulijuaje?"

"Ulipolifungua daftari. Nlikuwa nimekaa ubavuni mwako, nikasoma."

Nikaweka kikombe chini. Nikamuuliza, sasa kama alishasoma, aliniuliza ya nini?

"Nlitaka nikusikie wewe utasema nini," akasema. Halafu akaniuliza mpwa wangu anachukua masomo gani.

Ndiyo hivyo, wakuu. Miaka yote ile nilikuwa namdharau Nassor kwa babu zake na Yunus kwa bunduki zake, mimi nikajiona ndiye mwenye akili maana nimeshika daftari. Nassor alikuwa mjinga wa wazi, hakumficha mtu. Mimi niliulizwa swali moja jepesi, na mtu aliyekuwa na jibu tayari, aliyenipa nafasi mbele ya watu. Nikamuuza kwa sahani ya visheti.

Nilichojifunza ni kidogo, na nimekipata kwa kuchelewa: mtu mpole akikuuliza jambo unalolijua, mjibu kweli, maana huenda hakuulizi ili ajue.

Haya, uwanja wenu. Mliowahi kuwa na meza kama ile, nani alikuwa Bi Mize wenu, na nyie mlimfanyia nini? Wa kunitukana nao waje, ila wajue mwenyewe nilishaanza.