Kiboko wa Fordsburg

Binti yangu aliikataa hirizi yangu, akaenda sokoni Fordsburg akanunua kiboko. Naanza hapo kwa sababu hasira yangu ilianzia hapo.

Mimba mbili zilikuwa zimemtoka. Ya tatu ilipoanza kuonekana, nikamtolea hirizi ya marehemu mama yangu, iliyoshonewa ngozi. Nilitoka nayo Tanga, nikaivaa nilipombeba yeye mwenyewe tumboni, hapahapa Bellevue, ugenini huku kusini. Akaisukuma. Kiswahili anakielewa chote, hata matusi, lakini tangu aanze shule hunijibu kwa Kiingereza tu. Akasema hayo ni mambo ya kishamba.

"Na wewe ulitokaje?" nikamwuliza.

Haikupita wiki, huyo anakuja na sanamu ya buluu, urefu wake kidole. Kichwa cha kiboko, tumbo la mja mzito, matiti yamelala, miguu ya simba, na mgongoni umelazwa mkia wa mamba. Toba! Nikauliza hili ni jini gani. Akasema ni Taweret, Wamisri wa kale walimweka karibu na wajawazito awalinde. Amemwona kwenye simu, akampenda. Yaani aya za Mungu ni ushamba, mnyama wa kuungaunga ndiyo maendeleo! Nilifoka mpaka jirani yetu Mkongo, mama mlokole, akaja kuuliza kulikoni. Alipoiona sanamu akaanza kukemea mapepo palepale mlangoni. Siku hiyo ndipo mimi na yeye tulipokubaliana kwa mara ya kwanza.

Mimi ni fundi cherehani, na nyuzi hununua Fordsburg. Nilipokwenda nikampitia huyo aliyemwuzia sanamu, Mmisri, nimgombeze. Akanivutia kiti.

"Mama, mtoni kwetu nani alikuwa anaua watu? Kiboko na mamba. Nchi kavu, simba. Wazee wakawaunganisha wote, wakawatia tumbo la mama, wakasema: haya, mlindeni mtoto. Ubaya ukija, utamkuta nani mlangoni?"

Eish, nikaona lina maana. Hata mtaani kwetu, mwenye spaza, kile kiduka cha nyumbani, akichoka kuibiwa humwajiri mhuni anayeogopwa kuliko wote. Dawa ya moto ni moto. Lakini sikutaka kushindwa, nikamwambia sanamu yako hata ya kale si ya kale, umeifinyanga juzi.

"Hata wazee hao, mama, walizinunua mpya," akasema.

Nikarudi na nyuzi zangu. Binti yangu akaniomba nimshonee kifuko, apate kumvaa kiboko shingoni asivunjike. Nikachukua kipande cha kanga yangu, nikatia bitana, na katikati ya kanga na bitana nikaishindilia hirizi ya mama. Shehe wetu angesema yote mawili ni shirki. Sikumwuliza. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, na mimi nilikuwa nimekwisha kumwona mwanangu akirudi mikono mitupu mara mbili.

Uchungu ulimshika mchana, kabla ya siku zake. Hospitali wakasema mtoto amekaa vibaya, apasuliwe upesi. Muuguzi akaamuru avue kila kitu. Niliogopa, nikashikilia reli ya kitanda. Binti yangu akafungua kifuko, akamtoa kiboko, akaniwekea kiganjani. Kifuko chenyewe akakikunja, akamsihi muuguzi mpaka yule dada akakubali kukiweka chini ya mto.

"Wewe shika kiboko, mama," akasema. "Mimi naenda na hirizi ya bibi."

Kwa Kiswahili.

"Ulijua?"

"Inanichoma kifuani tangu siku ya kwanza."

Wakamsukuma ndani, mlango ukafungwa. Nikaketi kwenye benchi, mimi niliyehitimu madrasa, nimembana yule mnyama kwa mikono miwili. Nilijaribu kusoma dua, maneno yakanipotea. Nikamwinua usawa wa uso wangu, nikamwambia watu wakisikia: haya, simba wewe, mamba wewe, sijui nani wewe, fanya kazi yako!

Mtoto alipolia kule ndani, nilikuwa bado namtukana.