Nilivyosaka adapta ya external ya marehemu Baba, Tabora

Wakuu, salaam kwenu, hasa mlioko makazini mkijifanya mnafanya kazi.

Hili limenitokea mwenyewe na sijatia chumvi. Dada yangu Neema yumo humu, nikidanganya ataniumbua.

Baba alikuwa mpiga video za harusi pale Tabora mjini. Kofia ya pama, kamera begani, na mdomo usiotulia. Anarekodi huku anaongea. "Bibi harusi, tazama huku. Shangazi, shusha mkono, unaziba keki."

Wateja walilalamika kwamba sauti yake inaingia kwenye mkanda. Yeye anajibu kwamba hiyo ni nyongeza ya bure.

Mama ndiye alikuwa mshika taa wake. Kila Jumamosi wanatoka pamoja, yeye na kitenge chake na taa mkononi, waya mrefu unaburuzika nyuma. Sisi watoto tunabaki nyumbani Kitete tukisubiri pilau ya kwenye mfuko. Aisee, ile pilau iliyopoa sijawahi kuipata tena popote.

Baba alipofariki, Mama akarudi kwao Goweko kulima karanga na viazi. Kazi za Baba zikabaki kwenye external moja, yaani diski ya nje ya kompyuta, zile kubwa za mezani ambazo USB peke yake haitoshi, lazima zichomekwe kwenye umeme. Adapta yake haikuonekana; nilimuuliza Mama kwa simu, akasema ya external hajaiona.

Tukaishi hivyo hivyo, mpaka Mama aliponipigia simu.

"Mwanangu, sura ya baba yako naiona kwenye picha. Sauti imeanza kunitoka. Nikijaribu kuikumbuka, inanijia ya mjomba wako."

Wakuu, nililia. Mwanaume mzima, ofisini.

Nikaomba likizo, nikapanda treni mpaka Tabora, external kwenye begi.

Nilianzia sokoni kwa mtani wangu mmoja wa kikabila, Mzaramo aliyelowea pale, anauza chaja na rimoti. Akamwaga gunia zima la adapta mezani. Akachukua moja, ikaingia kwenye tundu.

Nikasoma kibandiko: volti kumi na tisa, ya laptop. External inataka kumi na mbili. Nikamwambia hii itaiunguza.

"Tundu limekubali, wewe nani ukatae? Babu zako walibeba pembe za ndovu kwa miguu kutoka hapa mpaka pwani, leo adapta inakushinda?"

"Walibeba kwa sababu babu zako walikuwa wamekaa wanasubiri kuletewa."

Soko likacheka. Nilikumbuka Baba alivyopenda kuzunguka pale kutaniana na kila mtu.

Mtani akanipa nyingine, volti sawa, ila ampea kiduchu. Taa ikawaka, moyo ukaruka. Diski ikajaribu kuzunguka, ikalia tik tik, ikazima. Nikaichomoa haraka.

Duka baada ya duka, hadithi ileile. Inayoingia haina nguvu, yenye nguvu haiingii.

Nikaenda Goweko kumwambia Mama ukweli kwamba nimeshindwa. Nikabeba external na laptop hivyo hivyo, sijui kwa nini.

Akaniwekea matobolwa, vile viazi vitamu vilivyochemshwa na kukaushwa, na karanga. TV inawaka, taarifa ya habari ndiyo imeanza, na hiyo Mama haikosi hata mvua inyeshe. Mimi natafuta pa kuanzia, macho yanazunguka tu, yakatua nyuma ya king'amuzi.

Adapta nyeusi, nene. Nikainama nikasoma. Jina lilelile la kwenye external. Volti kumi na mbili, ampea mbili.

"Mama, hii umeitoa wapi?"

"Si baba yako. Ya king'amuzi iliungua, nikawa nanung'unika siioni habari. Akasema chukua hii, mimi nitajitafutia nyingine kesho."

Hakuwahi kujitafutia. Ndivyo alivyokuwa, wakuu.

"Sasa nilipokuuliza kwenye simu?"

"Uliuliza ya external. Hii ya king'amuzi."

 Nikaichomoa, picha ikapotea kwenye TV habari zikiwa katikati, nikaichomeka kwenye external. Diski ikanguruma, ikatulia. Nikafungua harusi ya kwanza niliyoiona.

Ukumbi, vigelegele, keki. Mara picha ikaingia giza, na sauti ya Baba ikatoka karibu kabisa.

"Mama Neema, taa juu! Achana na pilau, tutafungiwa."

Mama alikuwa na bakuli la karanga mkononi. Akaliinua juu, mkono umenyooka.

"Si nimeinua!"

Karanga zikamwagika zote. Tulicheka mpaka tukalia, na kulia kwenyewe hakukuisha upesi.

Nimemhamishia zote kwenye flash, anachomeka kwenye TV yake. Adapta nimeirudisha kwenye king'amuzi, pale Baba alipoiweka.

Funzo: tundu kukubali si hoja, soma volti na ampea. Na kabla hujamaliza maduka, angalia kwanza nyumbani kimechomekwa nini.

Haya wakuu, uwanja wenu. Kwenu kuna sauti ya nani imekaa kwenye kifaa kisichowaka?