Nyungunyungu Mwenye Mifupa

Wenzangu, subirini nimalize ndipo mcheke. Nilikuwa mwalimu mgeni hapa Lushoto, enzi za Ujamaa, na shule yetu ilikuwa na shamba lake la kujitegemea. Asubuhi moja Halima, mwanafunzi wangu wa kidato cha tatu, alikuwa akilima tuta la kabichi, jembe lake likaua mnyama mrefu, mweusi, mwenye pingili mwili mzima. Nyungunyungu mkubwa namna hii! Nikafurahi kupita kiasi. Mkaguzi alikuwa anakuja siku hiyohiyo, na somo langu lilikuwa wanyama wasio na uti wa mgongo.

“Mwalimu, huyu si nyungunyungu,” Halima akasema. “Babu yangu anasema ana meno.”

“Kwani babu yako amesoma biolojia?”

Darasani nikamlaza mnyama wangu mezani, mkaguzi akiwa kiti cha mbele. “Huyu hana mfupa hata mmoja,” nikatangaza kwa mbwembwe, nikaanza kumpasua kwa wembe. Wembe ukakwama. Nikakaza mkono, ukakwaruza.

Mkaguzi akainuka, akachungulia. “Mwalimu, hiki cheupe ni nini?”

Halima akanyoosha mkono.

“Ni uti wa mgongo, mzee. Huyu ni jamaa wa chura, ila hana miguu. Na babu yangu hajasoma biolojia.”