Kucha za Mama na Ulimi wa Kuku

Mama alifuga kucha mbili ndefu, ya kidole gumba na ya kidole cha shahada, kwa kazi moja tu: kubandua ncha ngumu ya ulimi wa kuku mgonjwa, akiamini ndiyo ugonjwa wenyewe. Majirani wa Kianjai walimletea kuku waliokoroma. Jirani yetu mjane alimleta wake, wa pekee; mama akambandua, na kuku akafa siku ya tatu. Mama akasema amecheleweshwa.

Ncha hiyo ngumu si ugonjwa. Kila kuku anayo, na humsaidia kula. Nilifundishwa hivyo chuoni kabla sijafungua duka la dawa za mifugo kule Kiirua, nikamwambia mama mpaka nikachoka. Alinijibu kwamba alianza kutibu kuku kabla sijaota meno.

Mwaka jana akanipigia simu kuhusu kuku wake mwekundu, mlezi wa vifaranga asiye na mfano. Nilimkuta kuku amevimba uso upande mmoja, jicho limefumba, mdomo una damu.

"Nimemtoa ile kitu na bado hataki kukula," mama akasema.

Hasira zilinipanda. Nikamwomba amshike, nikapanua taya. Kwenye kaakaa la kuku kuna mwanya unaokwenda hadi puani. Huo ulikuwa umezibwa na makamasi mazito.

"Angalia hapa, Mama. Ni homa. Ulimi haina makosa."

Akainama, akatazama kwa muda mrefu. Nilipasua uvimbe chini ya jicho, nikatoa usaha ulioganda kama ugali wa jana, nikaosha kwa maji ya chumvi na kumdunga sindano. Ulimi sikuwa na dawa yake. Mama alimlisha uji kwa kijiko, tone kwa tone, mpaka akaanza kudonoa mwenyewe.

Niliporudi baada ya mwezi, kuku alikuwa akichakura uani. Mama alikuwa anapukuchua mahindi, na zile kucha mbili zilikuwa zimekatwa.

"Yule wa jirani," akasema bila kuniangalia, "ni mimi nilimuua?"

Miaka yote nilikuwa nimengoja kumshinda. Sasa nilimwonea huruma.

"Ni homa ilimuua, Mama."

"Wewe hata kudanganya hujui."

Akainuka, akamkamata kuku mwekundu, akamtia kwapani na kutoka kuelekea kwa mjane. Aliporudi alikuwa mikono mitupu, akaendelea na mahindi yake.